Nzi wa Motari Kando ya Jiko

Wanawake waliouza omena, dagaa wa ziwani, walikuwa wakigombania kivuli katika soko la Homa Bay, mwaka wa 1998, wakati kijana mrefu wa shati jeupe alipoinamia ndizi za Marcella na kuanza kuchagua zilizooza.

"Omera, ndugu yangu, hizo ni za mbuzi," Marcella akamwambia, akikaza leso yake ya manjano kiunoni.

"Ndizo nataka. Nafuga nzi."

Marcella alicheka mpaka majirani wakageuka. "Wenzako wanafuga ng'ombe!"

"Cheka tu, mrembo. Utakuja kuwaona."

Akaenda kuwaona. Kijana huyo, Motari, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Chuo kilipofungwa kwa sababu ya mgomo, akaibeba kazi yake kwa chupa hadi chumba cha kupanga. Ndani mlikuwa na nzi wadogo wa matunda, macho mekundu. Chupa nyingine zilikaa nyuma ya mtungi wa maji, nyingine dirishani. Alimweleza kwamba buu akikua, seli nyingine hufa makusudi ili bawa lipate umbo, kama mtama mwingine unavyong'olewa ili uliobaki upate nafasi. Yeye alitaka kujua: jeni moja likizidishwa nguvu, vifo navyo vitazidi? Marcella alisikiliza, kidevu mkononi. Hakuna mwanamume aliyewahi kumweleza jambo refu hivyo.

Mvua zilipoanza, Motari akaitwa matangani Migori.

"Nitunzie, mpenzi. Wape ndizi tu."

Baridi ikaingia. Marcella akawaonea huruma. Akafanya kama wanavyofanyiwa vifaranga kwao Ndhiwa: akazikusanya chupa zote kikapuni, akakiweka kando ya jiko.

Motari akapiga simu dukani kwa Caleb, jirani yao, na Marcella akaitwa.

"Habari ya watoto wetu?"

"Wamenona! Nimewaweka karibu na jiko, wasife baridi."

"Jiko? Marcella, joto ndilo linaloliongezea hilo jeni nguvu! Kila chupa ilikuwa na joto lake. Umeniharibia kazi yote!"

"Uliniambia ndizi."

"Lakini nani hupasha nzi moto?"

Marcella akakata simu.

Nzi walitoka kwenye maganda yao na mabawa yaliyomegeka pembeni, kama majani yaliyoliwa na viwavi. Chupa zote sawa, hapakuwa tena na ya kulinganisha. Marcella akaziacha kwa Caleb na asimngoje mwenyewe. Kelele angezisamehe. Kilichomchoma ni kwamba alitwishwa mzigo bila kuambiwa uzito wake.

Siku ya soko Motari akatokea, macho chini.

"Leo sitaki ndizi."

"Basi pisha wateja."

"Nilikueleza habari za vifo, ya joto sikusema. Nilidhani haikuhusu. Kosa ni langu, Marcella. Nzi nitaanza upya. Wewe sijui nianzie wapi."

Marcella akapanga ndizi ambazo zilikuwa zimepangika tayari. "Anzia kwa joto."

Motari akaketi juu ya kreti tupu, akaeleza. Katikati ya maelezo akajikatiza. "Hii kazi ni ya miaka. Nataka tuwe nayo wawili. Nije Ndhiwa nizungumze na wazee wako?"

"Wewe! Umefika kwa wazee na mimi bado sijaelewa hapo kwa seli." Alikuwa akitabasamu, lakini sauti yake haikuwa na mzaha. "Rudia polepole. Kama nitaishi nayo, niijue."

Mama mmoja akauliza bei ya mkungu. Marcella akamwonyesha kwa kiganja angoje, na Motari akarudia.