Ratili za Naliaka

"Rudisha hilo yai!"

Naliaka aliganda, mkono bado kikapuni. Mama mkwe wake, Nabalayo, alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chao kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru.

"Mama, nesi wa kliniki amesema nile mayai, maziwa na maharagwe. Mimba ina miezi saba na mimi nakonda."

"Nesi ndiye aliyekuoa? Kwetu mwanamke hali yai. Tena ukishiba sana mtoto atanenepa, ashindwe kutoka. Uji mwepesi unatosha."

Naliaka alimgeukia mumewe. Nicodemus alikuwa anamaliza yai la pili, macho sahanini.

"Nicodemus, husemi kitu?"

"Mama amezaa saba. Wewe umezaa wangapi?"

Neno lile lilimchoma kuliko njaa. Akamtupia kadi ya kliniki mezani.

"Soma! Mimba ikiwa miezi mitano, ratili mia na kumi na nane. Leo mia na kumi na tatu!"

"Mizani yao mbovu. Au hilo darasa lako la jioni limekufundisha kusoma kombo."

"Haya. Na mizani yako?"

Nicodemus alikuwa karani wa kupima magunia ya mahindi stesheni, na kila siku alijisifu kwamba mizani yake haidanganyi. Kesho yake mchana, Naliaka akajikokota hadi kule, akapita katikati ya magunia yaliyotoka mashamba ya Rongai, akapanda juu ya mizani.

"We! Shuka, watu wanaona!"

"Nipime."

Owuor, kuli mmoja, akaangua kicheko. "Karani, pima bibi yako! Asije akapakiwa behewani bila lebo!"

Nicodemus akasogeza kipimo. Akakirudisha. Akasogeza tena, Owuor naye akasogea kusoma.

"Mia na kumi na tatu," alisema. "Pamoja na viatu."

"Na mtoto," Naliaka akamalizia. "Gunia likipungua hivi unaandika barua Nairobi. Mimi nikipungua, mama amezaa saba!"

Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu waoane, Nicodemus alichuchumaa jikoni akachemsha mayai.

"Unataka kumuua?" Nabalayo alilia. "Dada yangu Nanyama alikufa mtoto akiwa tumboni! Alikuwa mkubwa mno, hakutoka!"

Naliaka alimtazama. Miezi yote hii alidhani ni roho mbaya.

"Mama, mbona hukuniambia? Nesi anatupima kwa ajili ya hayo hayo. Jumanne twende wote, umuulize mwenyewe."

Nicodemus alimenya yai, akaliweka kiganjani mwa mkewe.

"Nisamehe. Nilikuwa nakula fungu lako huku nimeangalia chini."

"Na uliona sahani tu," alisema Naliaka, machozi yakimlenga. Akainua yai.

"Tia chumvi kwanza," Nabalayo alinong'ona, uso kaugeuzia ukutani. "Kiini kinakwama kooni."

Naliaka na mumewe wakatazamana.

"Mama! Umejuaje?"

"Kula, mwanangu. Kula, unyamaze."