Nilimng'ata Mume Wangu Sikio Kwenye Kona za Mlimani

Nilimng'ata mume wangu sikio mpaka nikaonja damu.

Gari likiwa linatembea!

Upande mmoja ukuta wa mwamba. Upande wa pili... hakuna kitu. Hewa tupu! Chini kabisa vilele vya miti vinaonekana kama mboga za bustanini.

"Umerogwa?!" wifi yangu akapiga kelele. "Unamng'ata dereva?!"

Sikuachia.

Jamani, najua wengine mmeshateremka huko chini kuandika "huyu mwanamke kichaa". Ngojeni kwanza. Mimi nimeishia shule ya msingi, kupamba maneno sijui. Ila likizo zinakuja, na kila nikifungua simu nawaona mnaulizana humu: ile njia ndefu ya milimani, yenye kona na mandhari, inafaa kwenda na watoto?

Nitawajibu. Nisomeni hadi mwisho, kisha mnitukane mkitaka.

Ugomvi ulianzia mezani kwangu.

Mume wangu ni dereva wa lori la mafuta. Alipata likizo, akakodi gari dogo, tukaamua kwenda hoteli moja ya ziwani. Mimi, yeye, binti yetu tunayemwita Kifaranga, na dada yake. Huyo dada yake alijialika mwenyewe.

Kufika ziwani kuna njia mbili. Barabara kuu, iliyonyooka kama rula, unafika kabla jua halijawa kali. Na ile ya milimani, inayozunguka na kuzunguka, siku nzima unakata kona.

"Twende ya milimani," wifi akasema, simu mkononi. "Oneni video hii! Mawingu yako chini ya gari!"

"Mawingu yakiwa chini ya gari, sisi tutakuwa wapi?" nikauliza.

"Juu!"

"Na breki zikikataa?"

"Wewe nawe! Unaishi kama kuku wa kufungiwa."

"Kuku wa kufungiwa hagongwi na gari, wifi."

Mume wangu akapiga meza. "Basi! Nani dereva hapa?"

Hilo ndilo neno lake. Nyumbani kwetu dereva ni mfalme. Dereva hula kwanza. Dereva hunywa kwanza. Sheria kaitunga yeye tangu tuoane. "Dereva akiwa na njaa, abiria wote ni maiti," ndivyo anavyosema. Hata chai ya sebuleni, gari limeegeshwa, mimi siweki mdomo kikombeni kabla yake. Kifaranga mwenyewe anaijua kama sala.

"Mtoto anatapika kwenye kona," nikasema.

"Anatapika kwa sababu unamdekeza," wifi akajibu.

Nikashindwa. Wawili kwa mmoja, ndugu wa tumbo moja... ungefanyaje?

Nikaenda duka la dawa. Nikanunua vidonge vya kuzuia kutapika safarini. Mwenye duka akaniambia, mtoto nusu kidonge tu, maana vinaleta usingizi. Akanitilia kwenye bahasha ndogo, nikaikunja kona ili visimwagike.

Mume wangu alipoiona alinipokonya!

"Unampa mwanangu hivi? Hivi vinalaza ng'ombe! Kazini kwetu ukikutwa umemeza hiki unafukuzwa siku hiyo hiyo!"

Akaitia mfuko wa shati. Nikasema moyoni, loo, mwanaume ana roho ngumu lakini mwanawe anampenda.

Shikeni hapo.

Asubuhi ya safari wifi akakaa kiti cha mbele. Mimi nyuma kama mzigo, nyuma kabisa ya mgongo wa mume wangu, Kifaranga ubavuni.

Tulipofika njia panda nilijaribu mara ya mwisho.

"Baba Kifaranga, nakuomba. Tushike barabara kuu."

Akakata usukani kuelekea milimani.

"Umesikia upepo ukiongea?" wifi akamuuliza kaka yake. Wakacheka.

Chini ya mlima kuna kibanda cha chai, cha mwisho kabla ya kona kuanza. Tukasimama. Mume wangu akashuka kukagua matairi. Wifi akaenda kibandani, akarudi na vikombe viwili vya kubeba, vyenye vifuniko.

"Hiki cha kaka. Na hiki chako, wifi yangu."

Wifi yangu! Mwanamke ambaye hata maji ya kunawa hajawahi kunipa.

"Kunywa chote," akasema. "Kitulize roho. Sitaki makelele yako huko juu."

Akaniachia vyote viwili, akaenda kujipiga picha penye kibao cha barabara.

Nikafunua changu. Kimejaa, kinatoa moshi, kinanukia tangawizi. Cha dereva, kumbe wifi alikimwaga njiani, kimebaki nusu na kimeshaanza kupoa.

"Mama, naomba chai," Kifaranga akasema.

Kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni mwake. Nawaambia, kimefika mdomoni!

Nikakivuta.

"Hapana, mama. Dereva kwanza."

Nikaona, nitampaje mwanaume chai nusu, ya baridi, mimi nikae nyuma na kilichojaa? Aje anitoe kasoro mbele ya dada yake? Nikabadilisha. Kilichojaa nikakiweka mbele, penye nafasi yake. Kile kilichomwagika nikanywa mimi, Kifaranga nikampa maji.

Mume wangu akarudi, akabugia chai yote.

"Kali hii! Ina uchungu kidogo."

"Ni tangawizi," nikasema.

Wifi akaingia, akafunga mkanda, akanigeukia.

"Umekunywa, wifi?"

"Nimemaliza."

Akatabasamu. Mume wangu naye akaniangalia kwenye kioo, akatabasamu. Mjinga mimi, nikadhani ni mapenzi.

Kona zikaanza.

Hiyo barabara haina huruma. Unakata kushoto, hujapumua unakata kulia. Kingo za chuma hakuna, kuna mawe tu yaliyopakwa chokaa. Kifaranga akaanza kushika tumbo. Mimi nikashika mlango, nikashika kiti, nikashika Mungu.

"Punguza mwendo, Baba Kifaranga."

"Bado uko macho?" akauliza.

"Niko macho, kwa nini nisiwe macho?"

Akamtazama dada yake. Dada yake akainua mabega.

Kona nyingine.

"Mke wangu, lala kidogo. Egemea dirisha."

Mke wangu? Miaka yote naitwa "wewe", leo kwenye korongo ndiyo nimekuwa mke wangu?

"Silali," nikasema.

"Mwache," wifi akanong'ona. "Itamshika tu."

Nilisikia. Nikadhani wanasema hofu.

Kisha mume wangu akapiga mwayo. Mrefu! Akapiga mwingine. Akashusha kioo, akajipiga kofi shavuni.

"Unasinzia!" nikasema.

"Nani asinzie? Nimeendesha lori hadi mipakani, nije nisinzie kwenye kigari hiki?"

"Haya, ameanza!" wifi akadakia. "Nilijua tu! Mama mikosi!"

"Wifi, mtazame macho!"

"Nitazame mandhari au nitazame macho ya kaka yangu? Nyamaza, unatuharibia likizo!"

Kioo cha kutazamia nyuma kilikuwa kinanionyesha uso wake. Nikaona kope zikishuka... zikapanda... zikashuka.

Hazikupanda.

Mbele yetu kona. Gari linaenda moja kwa moja, kwenye hewa.

"BABA KIFARANGA!"

Bado amelala.

Mkanda umenibana, mkono haufiki usukani. Lakini kichwa chake kilikuwa kimelala ubavuni mwa kiti, na sikio liko pale, mbele ya uso wangu.

Nikaling'ata kwa nguvu zote alizonipa Mola.

Akanguruma kama simba! Mguu ukakanyaga breki. Gari likayumba, likalia, likapiga jiwe la chokaa... likasimama. Jiwe likabingirika korongoni. Sikusikia likifika chini.

Kifaranga akalia. Uhai wangu wote ulikuwa kwenye kilio kile. Nikampapasa kichwa, mikono, miguu. Mzima.

Nikamtoa upande wa mwamba. Mume wangu naye akatoka, akatembea kama mlevi, akaketi chini.

"Miguu... siisikii miguu yangu," akasema. Ulimi mzito.

"Amepooza!" nikapiga kelele. "Wifi, kaka yako amepooza!"

Wifi hakuwa anamtazama kaka yake. Alikuwa ameshika kikombe kilichokuwa penye nafasi ya dereva. Uso umempauka kama majivu.

"Wifi..." akaninyooshea kikombe. "Kaka amekunywa kipi?"

"Nilichopewa mimi. Chake kilikuwa nusu."

"Ulimpa CHAKO?!"

"Si dereva kwanza?"

Akaketi barabarani, pu!

Hapo ndipo damu ikanichemka. Niliruka nikamkamata shingo ya blauzi.

"Uliweka nini kwenye chai yangu?"

"Niache!"

"Uliweka nini?! Ulitaka kuniua?"

"Si kufa! Kulala tu! Ulale tupumue na sisi!"

Nikapokonya mkoba wake, nikaumwaga pale kwenye lami. Ikaanguka poda, ikaanguka chaja... ikaanguka bahasha ndogo iliyokunjwa kona.

Mkunjo wangu.

Bahasha yangu ya duka la dawa. Tupu.

"Hii aliitia mume wangu mfukoni," nikasema polepole. "Umemwibia?"

Wifi akacheka, cheko la mtu aliyebanwa ukutani.

"Nimwibie? Muulize nani alinipa! Muulize nani alisema, visage vyote umtilie kikombeni, asipige kelele njia nzima! Mimi nimetumwa!"

Nikageuka.

Mume wangu ameegemea mwamba, damu inachuruzika sikioni, macho nusu.

"Nilitaka... safari ya amani," akasema.

Akalala. Akakoroma!

Jamani, mnajua kuvunjika moyo kunakuwaje? Hakuna sauti. Nilisimama namtazama mwanaume aliyenipokonya nusu kidonge cha mwanawe kwa kuwa anajua sumu yake, kisha akavipeleka vyote kwenye chai yangu. Alijua kuliko sote! Na kama Kifaranga angemeza mafunda mawili tu ya kikombe kile...

Nani angemuokoa mtoto? Mimi niliyelazwa?

Ikapita pikapu iliyobeba mayai. Nikasimama katikati ya barabara, mtoto kiunoni.

Mwenye mayai akashusha kioo, akatazama gari letu, akatazama mdomo wangu una damu.

"Mama, kuna usalama kweli?"

"Kwangu upo. Nipeleke chini."

"Nitakupeleka, lakini mimi siendi mbio. Nikikimbia nauza maji ya njano."

"Hao ndio madereva ninaowataka."

"Unaniacha na maiti hai!" wifi akapiga kelele. "Mimi gari siliwezi!"

"Tazama mandhari," nikamwambia. "Uliyataka."

Msiseme nina roho mbaya. Nilivuta breki ya mkono, nikachukua funguo. Tulipofika kibandani nikamkabidhi mwenye kibanda funguo, apande na mwenzake wakawashushe. Wakawashusha.

Na sasa niwajibu lile swali lenu.

Kwenye pikapu ya mayai, Kifaranga kanilalia mapajani, hakutapika hata tone. Tulitembea taratibu, kona kwa kona. Nikainua macho kwa mara ya kwanza. Nikaona mabonde yamekunjwa kama shuka, nikaona mto unang'aa, nikaona mawingu, kweli, chini ya gari. Nikalia. Ni pazuri! Wifi hakudanganya.

Kwa hiyo barabara ile inafaa. Mwendo wa kuiendea ndio huu wa mwenye mayai. Lakini dada zangu, kabla hamjauliza kona ni ngapi, ulizeni mmeketi na nani ndani ya gari. Mtu anayeona hofu yako ni kelele ya kuzimwa, hata kwenye barabara iliyonyooka kama rula atakuua. Na vidonge vile dereva asiviguse, wala msimtilie mtu dawa kwenye kinywaji kwa mzaha. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila safari ile kisima kilikuwa na mtoto wangu ukingoni.

Mnataka kujua kama nimeondoka? Sijaondoka. Bado natafakari, na wazee wa pande zote mbili wameshaitwa. Wifi hakanyagi kwangu. Sikio la mume wangu limepona, limebaki na pengo. Akiulizwa husema alijigonga mlangoni.

Siku hizi mume wangu amekuwa mpole. Anaamka kabla yangu, anachemsha chai mwenyewe, ananiletea kikombe kitandani kwa mikono miwili.

"Kunywa, mke wangu."

Nakipokea. Nakinusa. Namrudishia.

"Dereva kwanza."