Amplifaya ya Bibi Tabu

Kila alasiri Muzdalifa alipotoka shule, hapo Nyamisati pwani, hata sare hajavua bibi yake ameshaita, "Mjukuu wangu, niwekee mwanangu!"

Mwana huyo ni Nurdini, baba yake Muzdalifa. Alikwenda kisiwani Mafia kutafuta kazi, akaugua, akazikwa hukohuko. Kilichobaki ni ujumbe mrefu wa sauti aliotuma kwa simu siku alipofika. Masikio ya Bibi Tabu yalikuwa mazito, simu peke yake haikumtosha. Muzdalifa aliujua ujumbe ule mpaka mwisho, lakini bibi hakutaka kusimuliwa, wala hakukubali uanzie katikati.

"Mwache aseme yote," alisema huku machozi yakimlenga. "Nataka anitamkie mwenyewe."

Basi Muzdalifa, mtoto wa darasa la sita, akaunda amplifaya ya kukuza sauti ya simu kwa vipuri vya redio mbovu na betri ya sola. Mwalimu Marsela wa sayansi alimwelekeza. Ilinguruma hiyo! Lakini Nurdini akifika katikati ya maneno, kimya. Akabadili waya, kimya. Akabadili spika, yaleyale. Kesho yake asubuhi inawaka kama haikuwa na neno.

Ajabu, alipoipeleka shuleni ilipiga bila kukatika.

"Amplifaya yako inapenda shule kuliko wewe," Sufiani, mwenzake wa darasani, alimtania.

Mwalimu Marsela aliigeuzageuza. "Nyumbani inakaaje?"

"Inakaa mezani, mwalimu. Wazi tu."

Uongo mtupu! Hewa ya chumvi ya pale hula hata misumari, na Bibi Tabu hakuacha chombo cha umeme kikae uchi. Aliifunika nailoni, juu akaizungushia kanga yake yenye viraka, spika tu ikabaki nje. Muzdalifa aliifungua njiani kwenda shule na kuficha kanga ndani ya begi. Aliona haya, wenzake wangemcheka.

Siku hiyo nyumbani bibi akaifunika, ikazima tena. Bibi hakulalamika. Alitandika mkeka mlangoni akakaa, akitazama njia ya bandarini, kama alivyozoea tangu Nurdini aondoke.

"Labda hataki kusema na mimi," alinong'ona.

Muzdalifa aliumia moyo. Akakimbia mpaka nyumbani kwa mwalimu. "Mwalimu, nilikudanganya."

Wakarudi pamoja. "Shikamoo, mama," mwalimu alisema kwa sauti kubwa, akagusa kifurushi. "Loo, inaunguza! Mama, hii ikipiga inatoa joto. Inataka hewa. Ikizidi moto, inajizima."

"Masikini mimi! Kumbe naiziba pumzi mwenyewe!"

"Ulikuwa unaitunza, mama. Ifunike ikishapoa."

Wakaifungua, wakaiacha ipoe. Mwalimu akamgeukia Muzdalifa. "Mwanangu, nilikuuliza nipate kukusaidia. Ungesema kweli kule shuleni, bibi yako asingengoja mpaka sasa. Na kanga ya bibi yako haina aibu yoyote. Ukitaka kusaidiwa, sema jambo lilivyo."

"Nisamehe, mwalimu. Nisamehe, bibi."

Wakawasha. Nurdini akasimulia safari, akasimulia chumba alichopata, akacheka. Akapita pale alipokatikia siku zote. Bibi Tabu akashika mkono wa mjukuu wake.

"Basi mama, mimi nimeshafika. Usikae tena mlangoni kunisubiri. Ingia ndani upumzike."

Bibi alilia sana. Kisha akainuka, akakunja mkeka wake wa mlangoni.

"Haya, baba," alijibu. "Naingia."