Kijani cha Surrey

Siku ya mechi stesheni ya Wembley Park, London, haina adabu. Jedidah alikuwa anatoka saluni anakopaka watu rangi za kucha, gauni la kitenge cha manjano limemkaa sawasawa, mara jalada pana kama mlango likamgonga begani.

"Pole, dada! Pole sana!" akasema mwenye jalada, Mhindi mrefu wa miwani.

"We! Kiswahili umekitoa wapi?"

"Kisumu. Naitwa Pravin. Humu mna ramani ya Surrey ya miaka mia nne, wakiikanyaga nimekwisha."

Jedidah akacheka, akawazuia mashabiki kwa mkoba wake mpaka wote wawili wakaingia treni. Humo akaonyeshwa ramani ya Surrey, kaunti ya Uingereza: mito, vijiji, milima midogo kama vichuguu, yote kwa wino mweusi tu, bila rangi. Pravin alikuwa na duka la ramani za kale Kingsbury Road. Zilichapwa kwa bamba la shaba, akaeleza, kisha baadhi mtu akazipaka rangi kwa mkono, ila hii bado.

"Kwetu Kenya kaunti ni gavana na kelele," Jedidah akamtania.

"Na hayo maua kwenye kucha, kayachora nani?"

"Mimi."

Pravin akaitazama mikono ile mpaka akapitiliza stesheni yake.

Basi akampa kazi ya kuipaka Surrey ile. Akamtumia kwa simu picha ya Surrey nyingine, iliyopakwa rangi zamani hizo, aifuate. Kazi ilichukua wiki tatu, na simu zikazidi kazi.

"Umekula, mpenzi?" Pravin akauliza.

"Nimekula. Kijani chako ndicho kimeniishia."

Alipokwisha kuikabidhi, Jumamosi moja akapita dukani. Dirishani aliiona Surrey, mipaka yake ya waridi na kijani, na lebo: *Rangi ya kale*. Akaona ni kazi yake inauzwa kama ya watu wa kale. Kumbe alipendwa mkono tu, ili wateja waibiwe! Mwanaume wa hivyo ataolewa naye vipi? Akazima simu siku nne.

Siku ya tano Pravin akaingia saluni na majalada mawili, shati halijapigwa pasi.

"Jeddy, nimekosa nini?"

"Unauza kazi yangu kama ya marehemu!"

Wateja waliacha hata kupuliza kucha. Pravin akatandaza Surrey mbili mezani.

"Yako ni ipi?"

Jedidah akatazama hii, akatazama ile. Zilikuwa pacha. Akageuza ya kwanza. Nyuma yake, kila penye kijani, karatasi ilikuwa imegeuka kahawia, maana kijani cha zamani kilitokana na shaba na kiliila polepole. Akageuza ya pili, ikawa safi.

"Hiyo iliyoliwa ndiyo ya dirishani," Pravin akasema. "Yako iko kwangu ukutani. Ningeiuzaje?"

Jedidah akaziba uso, aibu na furaha vikimpata pamoja.

"Nisamehe, mpenzi. Nilidhani mkono wa marehemu ni wangu."

"Hata mimi bila kugeuza sijui."

Pravin akatoa penseli, na nyuma ya ile safi akaandika: *Rangi ya Jedidah*. Kisha akasita, akamtazama.

"Jina la pili niweke lipi? Amunga la kwenu, au langu?"

Wateja wakainuka vitini.

"Hapo weka Amunga, kazi ni yangu," Jedidah akasema, machozi yakimlengalenga. "Lako twende tukaliandike kwenye cheti cha ndoa."