Spika Mbili za Ziada

Kila Jumamosi Chiriku alifagia sebule na kupangusa spika tano za baba yake. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake, na mdomo huohuo ndio uliomponza. Aliwatangazia wenzake shuleni kwamba muziki wa kwao hutikisa madirisha.

Jumamosi moja, baba akiwa kazini, wenzake walikuja kusikia. Chiriku akataka kukoleza mambo. Akatoa stoo spika mbili kuukuu, akafunga nyaya zake palepale palipofungwa nyaya za spika za mbele. Muziki ukanguruma kidogo, kisha amplifaya, mashine inayoziendesha spika zote, ikajizima. Akaiwasha tena, ikajizima tena.

"Mdomo wote ule!" wenzake walicheka, wakaenda zao.

Akazing'oa spika zile harakaharaka, akazirudisha stoo. Jioni baba akawasha, amplifaya ikagoma.

"Nani kaichezea hii?"

"Kibonge, baba. Nilimwona anabonyezabonyeza," Chiriku alidakia.

Kibonge, mdogo wake wa miaka mitano, alitoa macho. Baba akamwambia kesho haendi kutazama mpira.

Wakati wa kulala Kibonge akamsogelea dada yake. "Dada, nilibonyeza wapi? Nionyeshe, nisije nikaharibu tena."

Mtoto aliamini kweli ni yeye aliyeharibu! Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Aibu ilimjaa, akashindwa hata kumtazama. Akamshika mkono, wakarudi sebuleni.

"Baba, ni mimi. Kibonge hajagusa kitu." Akaeleza yote, macho yakiwa sakafuni.

Baba akamulika nyuma ya amplifaya. "Nguvu yake ina kikomo, na spika zote zinagawana hiyohiyo. Ukifunga mbili mahali pa moja, zinavuta umeme kupita uwezo wake, nayo inajizima isiungue. Na hapa umeacha nyaya zimegusana, ndiyo maana inagoma."

Akazitenganisha, akawasha. Sauti ikarudi. Chiriku akashusha pumzi, lakini baba alikuwa bado amemkazia macho.

"Hii imepona. Na huyu je?"

Chiriku akapiga magoti. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikusingizia."

"Kwa hiyo mimi sikuharibu?" Kibonge aliuliza.

Hapo machozi yakamtoka Chiriku.

"Hukuharibu, mwanangu. Kesho mpirani utakwenda," baba alisema. Kisha akamgeukia binti yake. "Amplifaya ilipozidiwa ilijizima, haikumsingizia mtu. Nawe ukikosea, sema nimekosea."