Mahindi Saba Mkebeni

Kila jioni mwaka ule wa 1976, mazoezi ya mpira wa pete yakiisha, wasichana saba wa darasa la saba walipita nyuma ya kioski fulani pale mtaani Laini Saba, kando ya reli. Mmoja wao, Wagaki, alitoa sigara moja, ikapita mdomo kwa mdomo. Zeinabu, aliyecheza katikati, aliivuta kwa sababu wote walivuta. Nani angetaka kuitwa mtoto?

Lakini mazoea yana taabu, jamani! Mwezi wa pili wa kuvuta, Zeinabu hakuweza kungoja jioni. Darasani akili yake ilikuwa kioskini. Siku walipocheza na wasichana wa Kawangware, pumzi ilimkatika, akaketi uwanjani akikohoa. Na fainali ilikuwa imebaki wiki mbili.

Mwalimu Seline, mkufunzi wao, akamwita kando. "Zeinabu, unavuta?"

Machozi yakamtoka. "Nataka kuacha, Mwalimu, lakini wenzangu watanicheka. Wao wanaipenda sana."

"Wamekuambia?"

Zeinabu akatikisa kichwa.

Kesho yake Mwalimu alileta mkebe, akampa kila msichana punje ya hindi na ya haragwe. "Anayependa sigara atie haragwe. Anayetamani iishe, atie hindi. Fumbeni ngumi, mtu asichungulie."

Zeinabu alitia hindi huku akiona aibu, maana alijua litakuwa peke yake. Mwalimu akaumwaga mkebe juu ya benchi. Mahindi saba! Hakuna haragwe hata moja.

"Hata wewe, Wagaki?" Zeinabu alishangaa.

"Inanichoma koo! Namwibia kaka yangu kila siku nikidhani nyinyi ndio mnaitaka."

Kuacha hakukuwa mchezo. Kichwa kilimgonga Zeinabu, akawa mkali hata kwa nyanya yake, Bakhita. Hamu ilipomshika alitafuna mahindi ya kukaanga, na Wagaki akatafuna naye, wakirudi nyumbani kwa njia nyingine.

Fainali walishindwa kwa goli moja, lakini Zeinabu alikimbia mpaka filimbi ya mwisho. Wenzake wote sita wakamkumbatia.

"Mnaona?" alisema Mwalimu Seline. "Kila mmoja wenu aliwaogopa wenzake, kumbe na wao wanamwogopa yeye. Ukisikia moyo unasema 'wote wanapenda', waulize kwanza. Na ukikuta kweli wanapenda, mapafu ni yako, mwanangu, si yao."