Ngozi Mbichi Mguuni

Kanchoro alianza kukosekana Jumanne moja ya Aprili 1978, saa nne asubuhi, alipoingia majini akiwa amefunga viatu vyake shingoni.

Lori lake lilikuwa limelala ubavu katikati ya lagha, mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha. Mvua ilinyesha mbali huko juu, wao hawakuipata hata tone, lakini maji yaliwakuta wakivuka. Mbuzi waliotoka Korbesa kwenda soko la Isiolo walisombwa. Watu watatu wakabaki juu ya fungu la mchanga, maji kulia, maji kushoto: Kanchoro dereva, kaka yake mkubwa Tadicha mwenye mbuzi, na Githinji, dresa mfunga vidonda wa zahanati, aliyekuwa ameomba lifti aende likizo.

Bodi la lori lilimbana Tadicha chini ya goti. Kanchoro alichimba mchanga kwa mikono mpaka mguu ukatoka, muundi umevunjika. Akachinja mbuzi mmoja aliyesalia, akamchuna, akaufunga mguu kwa vijiti na ngozi mbichi, vile Waborana wanavyomfunga ngamia aliyevunjika mguu. Ngozi ikikauka hushika kama chuma.

"Kaa hapa, usiende kucheza ngoma," alimwambia kaka yake. "Naleta watu wa Biliqo."

Walimwona akivuka mkondo wa kwanza. Wa pili ulikuwa nyuma ya vichaka.

Jumatano jua lilichoma. Walikunywa maji ya tope waliyoyachuja kwa kikoi. Adhuhuri ngozi ilianza kulialia kama kiatu kipya, na Tadicha, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika maumivu, alikuwa anatafuna kola ya shati lake.

Githinji alisogea. Vifundo vya mikono yake viliteguka lori lilipoanguka, vimevimba, kisu hakishikiki. Alibana kijiti kwa vidole viwili akamgusa mguuni, kati ya dole gumba na kidole cha pili.

"Unasikia hapa?"

"Hapana."

"Inua unyayo."

Unyayo haukuinuka. Githinji alipousukuma kwa kiwiko, Tadicha alipiga mchanga ngumi.

"Mzee, kata hiyo ngozi."

"Wewe mtu wa viazi, umefunga ngamia wangapi?"

"Hata mmoja. Lakini sikiza. Misuli ya muundi inakaa ndani ya ala, kama kisu chako. Ala haitanuki. Ndani kumevimba, na nje ngozi inakaza. Mshipa wa fahamu wa kuinua unyayo unazunguka mfupa mwembamba hapa, chini ya goti, upande wa nje, halafu unaingia humo humo. Mshipa huo ukibanwa mpaka jioni, unakufa."

"Aliyefunga ni Kanchoro."

"Najua."

"Akirudi akute nimekata? Atasema nilidhani harudi."

Alasiri maji yaliposhuka, Githinji alivuka mkondo wa kwanza, akapita vichakani hadi ng'ambo ya mkondo wa pili, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alisimama mbali kidogo.

"Nyayo zake zinaingia kwa mkondo wa pili," alisema. "Ng'ambo nimetafuta juu na chini. Hazitoki."

Tadicha aliangalia vichaka. Kisha akachomoa kisu kiunoni, akaanza kukata kutoka kifundoni kwenda juu, taratibu, kila fundo kivyake. Mguu ulifura ukajaa nafasi yote. Maumivu yalirudi kama makaa. Unyayo ulibaki umening'inia.

Alhamisi wachungaji wa Biliqo walifuata tai wakidhani ni mizoga ya mbuzi, wakawakuta. Walimbeba Tadicha juu ya ngamia hadi Merti, na kutoka huko kwa gari hadi Isiolo. Mfupa uliunga. Unyayo haukuinuka tena. Tadicha hupandisha goti juu kila hatua, kama mtu anayeruka gogo, na hafuati mbuzi tena malishoni, anawauza tu sokoni.

Huu ni mwaka wa saba. Habsa, mke wa Kanchoro, bado hajakaa eda, kwa sababu hakuna aliyeuona mwili.